Mrefu Aja na Kandambili

Kama wiki iliyopita hukunisoma, hukukosa kitu isipokuwa aibu yangu, na hiyo nitakupa kwa ufupi.

Mimi ni fundi viatu. Si wa kubandika soli tu. Natengeneza kiatu kizima kwa mkono, kuanzia ngozi mpaka kamba. Mkabala na karakana yangu wamefungua duka la viatu vya plastiki vinavyotoka kiwandani vikiwa vimeshachoka, na wateja wangu wakaanza kunisalimia kutoka upande wa pili wa barabara. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi kuona mtu mzima ananuna. Akaniandikisha kwenye mafunzo ya simu yaitwayo Mimi Mpya. Kila asubuhi Kocha wa Maisha, kijana mwenye meno mengi, hunipa zoezi, na simu huniambia nimekua asilimia ngapi.

Zoezi la siku ya tisa lilisema: waambie watu jambo zito ambalo hujawahi kumwambia yeyote.

Nikawaambia. Mke wangu akashika simu, nami nikakaa mbele ya meza yangu ya kazi nikasimulia habari za mteja mmoja. Miaka kumi na moja namtengenezea viatu vyenye kabari ya mbao laini ndani, chini ya kisigino. Kabari hiyo inampa urefu wa vidole vinne ambao mama yake hakumpa. Nikaongeza kwamba anaoa karibuni na bibi harusi hajui lolote. Jina sikulitaja. Tukairusha mtandaoni, nikajiona bingwa.

Sasa twende.

Asubuhi iliyofuata nilikuta watu sita mlangoni. Sita! Mara ya mwisho kuona watu sita pale ni siku bomba la maji lilipopasuka.

"Fundi, tumekuona!" wakasema kwa pamoja.

Kumbe watu elfu tisa walikuwa wameniona. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba na yeye anataka kidole kimoja tu, kwa ajili ya mikutano. Bwana mmoja akaniuliza kama kabari inaweza kuwekwa kwenye raba. Nilikuwa najikuna kichwa kwa furaha, nikitafuta daftari la kuandikia vipimo, ndipo muuza magazeti wa pale kona akaniharibia siku.

"Ila fundi, Mrefu ungemhurumia."

"Mrefu gani?"

"Kwani kuna wangapi? Mpimaji ardhi."

"Nani kamtaja Mrefu? Mimi sikumtaja mtu!"

"Hukumtaja," akasema. "Viatu vyake ndivyo vilikuwa rafuni, nyuma ya bega lako."

Nikachukua simu nikaangalia. Kweli bwana. Mimi naongea kwa sauti ya hekima, na nyuma yangu viko viatu vya rangi mbili, maziwa na kahawia, vilivyokuja kubadilishwa kabari. Katika mji huu hakuna mtu mwingine anayevaa viatu vya namna ile. Nilivishona mwenyewe na nilijivunia kwamba havina ndugu.

Miaka thelathini nimelalamika kwamba watu wa siku hizi hawaangalii viatu. Siku hiyo niligundua kwamba wanaangalia.

Na sasa niwaambie jambo ambalo wiki iliyopita nililificha, maana mngenipigia kelele. Mrefu anamuoa dada yangu. Ndiyo. Bibi harusi asiyejua lolote ni dada yangu wa damu, baba mmoja mama mmoja, na ndoa ni Jumamosi.

Dada yangu ni nesi. Akisimama mlangoni, mlango unamtosha kwa shida kwa urefu wake. Tangu usichana wake alikuwa na sharti moja: haolewi na mwanamume mfupi kiasi kwamba yeye atauona utosi wake. Wachumba watatu wenye sifa zote walirudishwa nyumbani kwao kwa sababu ya sharti hilo. Kisha akatokea Mrefu, mtu mpole, msikivu, anayejua kunyamaza wakati nesi anasimulia zamu yake. Na mimi shemeji mtu, niliyejua kila kitu, nilinyamaza nikashona.

Nikampigia mke wangu aifute ile video. Simu imezimwa. Shuleni kwao simu za walimu hukaa kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka saa saba mchana. Nenosiri analo yeye. Mimi katika ukurasa wangu mwenyewe nilikuwa mtazamaji tu, kama watu wale wengine elfu tisa.

Nikawaomba wateja wangu sita warudi alasiri. Nikarudisha mlango.

Ilipopita saa tano, mlango ukasukumwa. Nikatazama pale ambapo kwa kawaida huwa pana uso wa mtu, sikuona uso. Nikashusha macho.

Vidole vinne si vingi ukivitazama mkononi. Vikimtoka mtu unayemfahamu, utadhani amehama nusu. Suruali ilikuwa imekunjwa mara mbili, na chini yake kandambili za bluu, zile za kuogea.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji," nikasema.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka mikono magotini.

"Nilikuwa na jozi nyingine nyumbani," akasema. "Nimeishika asubuhi nikaiacha. Nikivaa, watu watacheka. Nisipovaa, watashangaa. Nimeona bora washangae."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimetembea kwa miguu kutoka kwangu mpaka hapa. Watu ninaowafahamu wamenipita. Mwenye nyumba wangu ameniita kijana."

Sikujua nicheke au nilie, nikachukua nta nikaanza kuisugua kwenye uzi ambao haukuhitaji nta. Simu yangu ikalia pale mezani. Mrefu akainama akasoma kwa sauti.

"Hongera. Umekua asilimia arobaini." Akanitazama. "Wewe unakua, mimi nimepungua."

"Ni yule Kocha..."

"Dada yako ameona?"

"Simu yake ni ya vitufe. Haionyeshi hata picha."

Akavuta pumzi. Nami nikapata nguvu. Nikamweleza kwamba saa saba mke wangu ataifuta, na watu wakiuliza tutasema ni mtu mwingine.

"Na viatu?"

"Vile nitavipaka rangi nyeusi."

"Na mimi? Utanipaka nini?"

Akatazama sakafu yangu, vipande vya ngozi na misumari.

"Nilitaka kumwambia mwenyewe," akasema. "Kila wiki nilijipa wiki moja zaidi. Unajua kwamba sijawahi kuingia ndani kwake? Mlangoni pale mtu anavua viatu. Miaka miwili nakaa barazani. Mvua inyeshe, niko barazani. Mbu waje, niko barazani. Anadhani nina heshima sana."

"Heshima unayo."

"Naogopa, shemeji. Naogopa sana. Sikumpata kwa urahisi yule mtu, na sina mwingine wa kuzungumza naye."

Nawaapia, nilitamani nijitoboe mdomo na ule msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Nilikuwa nimefungua kinywa kumwambia neno la kumfariji, ndipo tukasikia sauti nje.

"Hodi humu! Yuko wapi huyo msanii?"

Dada.

Mrefu alisimama, akakaa, akasimama tena. Nikamshika bega nikamsukuma nyuma ya pazia.

Pazia hilo lina historia. Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, alilitundika mwenyewe kwenye kona ili mteja apimwe miguu bila kutazamwa na wapita njia. Alikuwa na sheria moja tu. Mteja akivua soksi humu ndani, alisema, wewe huna mdomo. Hiyo ndiyo sheria niliyoikiuka kwa ajili ya asilimia kumi za kukua.

Dada akaingia, sare yake nyeupe, viatu vyake vyeupe vilivyofungwa sawasawa, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Mdogo wangu! Umekuwa maarufu, na dada yako naambiwa na watu!"

"Nani kakuambia?"

"Manesi wenzangu. Zamu nzima ya asubuhi hakuna habari nyingine. Wamenisimulia juu juu, kisha kila mmoja akakimbilia wodini na simu yake. Hebu nionyeshe na mimi."

"Simu imekwisha chaji."

Simu ikalia. Hongera, umekua asilimia arobaini na mbili.

"Hiyo si inalia?"

"Inaaga," nikasema, nikaitia mfukoni.

Akanitazama kwa jicho la nesi, lile linalojua nani amemeza dawa na nani ameitema. Kisha macho yakaenda kwenye kona. Pazia lile ni fupi. Chini yake zilionekana kandambili mbili za bluu na miguu miwili iliyosimama wima kabisa.

"Kumbe una mteja," akasema, akapunguza sauti. "Samahani, ndugu."

Kandambili zikarudi nyuma nusu hatua.

"Miguu mizuri hiyo," akaniambia chini chini. "Tazama vidole vilivyopangika. Huyu hana cha kuficha."

Nilisikia mtu anameza mate. Huenda ni mimi.

"Haya, niambie. Ni nani huyo mwanamume wa ghorofa?"

"Dada, siwezi kumtaja mteja."

"Basi usimtaje. Lakini huyo bibi harusi naye, jamani! Macho anayo kweli? Mtu uko naye kila siku, hujui anaishia wapi na kiatu kinaanzia wapi?"

"Huenda anampenda."

"Ampende, lakini asipime? Mimi mtu akiingia wodini nakuambia uzito wake kabla hajakaa." Akacheka tena. Halafu kicheko kikamwisha katikati, akavuta kigoda akakaa. "Unajua, nilicheka na wenzangu mpaka machozi. Nilipokuwa njiani nikaanza kumwonea huruma yule mwanamke. Mji mzima unajua, yeye hajui. Hilo ndilo baya. Vidole vinne ni nini?"

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu.

"Na lile sharti lako? La utosi?"

"Lile? Nilikuwa na miaka ishirini! Nani anashikilia maneno ya miaka ishirini? Ningekuwa mimi ndiye huyo bibi harusi, ningemwuliza yule bwana swali moja tu. Ningemwambia: hivi wewe uliniona mimi ni mtu wa kukukimbia?"

Pazia likavutwa.

Mrefu akatoka. Suruali imekunjwa, kandambili za bluu, mikono imenyooka ubavuni kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Niliogopa utanikimbia," akasema.

Dada alitazama uso, akatazama kandambili, akarudi kwenye uso.

"Mrefu?"

"Ni mimi. Niliyebaki."

"Ni wewe yule wa..."

"Ndiye."

"Na mimi ndiye yule bibi harusi."

"Ndiye."

Akainuka taratibu. Wakasimama wakikabiliana, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, dada yangu akamtazama mchumba wake kwa kushusha macho. Alichukua muda wake. Mrefu hakusogea.

"Kumbe nywele zimekutoka hapo katikati," dada akasema.

"Siku nyingi."

"Nisingejua."

"Ndiyo faida pekee niliyokuwa nayo."

Midomo ya dada ikatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anajizuia kucheka, kisha akashindwa, kisha kweli akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sare. Akampiga Mrefu bega.

"Miaka miwili nimekunywa chai barazani na mbu! Nikajisifu kwa watu kwamba nimepata mtu mwenye heshima!"

"Nilikuwa nakuja kukuambia kila wiki."

"Wiki ngapi hizo? Usinijibu. Jumamosi utakuja na viatu vyovyote unavyotaka. Ukitaka njoo na hizo za kuogea. Lakini utaingia ndani, umesikia? Mimi barazani sikai tena."

Mrefu akafunika uso kwa viganja vyake. Nami nikaruka, nikapiga makofi, nikasema maneno mengi ya kijinga kuhusu mapenzi na ufundi. Nilijiona nimeokoka. Nilijiona, tena, mwema.

Dada akanigeukia.

"Wewe kaa."

Nikakaa.

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka kumi na moja. Kabla hata hamjajuana."

"Na tulipojuana?"

"Mjomba alinifundisha kwamba siri ya mguu wa mteja..."

"Mjomba namjua, alikuwa mjomba wangu pia. Kwa hiyo mimi dada yako hukuniambia kwa sababu ya kazi. Sawa. Watu elfu tisa ukawaambia kwa sababu gani?"

Wasomaji wangu, nimeulizwa maswali mengi na wenye nyumba, na baba mkwe, na hakimu mara moja. Sijawahi kukosa la kusema. Siku hiyo nilikosa. Nilitaka kumweleza habari za Kocha, na mazoezi, na asilimia, lakini kila nilipolipanga neno niliona jinsi litakavyosikika. Nilikuwa nimechukua kitu cha mtu nikakigawa ili nionekane nina kitu cha kugawa.

"Sina sababu, dada," nikasema. "Nilitaka kusikilizwa."

Jibu hilo lilimlainisha, nilimwona. Akanikaribia. Mrefu alikuwa ameenda rafuni kushika viatu vyake vya rangi mbili, ametupa mgongo. Dada akainama mpaka sikioni kwangu.

"Na mguu wangu?" akanong'ona. "Wangu umemwambia nani?"

Mguu wake wa kulia hauna vidole viwili vya mwisho. Nilikuwa na miaka minne, yeye tisa. Nilikuwa nachezea pale lango la chuma la ghala linaposhushwa, na minyororo ikakatika. Alinisukuma, nikatoka mzima. Yeye alichelewa kuuvuta mguu. Hajawahi kuniambia neno la lawama. Hajawahi pia kuvua kiatu mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwetu. Kiatu cha kwanza nilichotengeneza peke yangu kilikuwa chake, kimejazwa pamba pale mbele ili akitembea asijulikane. Kama mnataka kujua kwa nini nilikwenda kwa mjomba kujifunza kazi hii, ni kwa sababu ya kiatu hicho.

Hayo yote niliyasema kwenye video ya pili.

Ndiyo, ipo ya pili. Zoezi la siku ya kumi, ambalo simu ilituonyesha mapema, lilisema: mshukuru hadharani mtu aliyekujenga. Tuliirekodi siku ileile ya video ya kwanza, nikiwa na shati lilelile. Nililia, na mke wangu naye akalia nyuma ya simu. Niliitengeneza kwa upendo, naapa. Na kwa kuwa siku iliyofuata angekuwa darasani, mke wangu aliipanga itoke yenyewe saa sita kamili, wakati watu wanapumzika kazini na kushika simu zao.

"Huyu nitamwambia mwenyewe," dada aliendelea kuninong'oneza, akimtazama Mrefu mgongoni. "Leo amenifunulia lake, na mimi nina langu. Lakini nitamwambia siku nikiwa tayari. Kwa mdomo wangu. Niahidi kwamba hukumwambia mtu."

Nilitazama saa ya ukutani juu ya kichwa chake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Shule ya mke wangu iko mwendo wa dakika ishirini.

"Nje ya nyumba yetu," nikamjibu, "hakuna mtu anayejua, dada."

Akanibusu kwenye paji la uso, na akanisamehe. Nilikuwa nimemwambia ukweli mtupu, na ukweli huo ulikuwa umebakiza dakika nane.